Gudroni inachoma miguu, lakini haitawasha taa zetu

(Maneno haya yalisemwa na fundi wa chama mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Uvira. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, ili ndugu walio Baraka na Fizi, na wafadhili wetu walio mbali, nao wayapate.)



Nimepewa nusu saa. Komite iliniita juma lililopita ikaniambia: "Fundi, wewe ndiye unajua mambo ya umeme. Utufafanulie hii mambo ya gudroni mbele tupige kura." Nimekubali, ingawa najua kuna watu humu ndani watatoka wamenikasirikia. Si kitu. Afadhali mnikasirikie leo, mkiwa bado na pesa yenu.

Kwa wale ambao hawakuwepo, nirudilie kidogo. Miezi miwili iliyopita tulipata mgeni. Alikuja na ordinateri yake, akatuonyesha filamu ya barabara ya Ulaya: wanatandika mipira ya maji chini, imejikunja kama utumbo wa mbuzi, halafu wanamwaga gudroni juu yake. Gudroni, kwa watoto waliozaliwa kule Nyarugusu, ndiyo ile mliyozoea kuita lami. Mgeni akasema jua linapiga barabara yetu kila siku na joto lote linapotea bure. Akasema tukifukia vyombo vyake chini ya mita 200 za barabara, tutapata umeme wa kuwasha mtaa mzima. Chama kitoe dola 2,500 za kuanzia, zingine zitatoka kwa washirika wake. Na kwamba vyama vingine vinangoja nyuma yetu, kwa hiyo tujibu mbio.

Dola 2,500 ni karibu yote iliyo ndani ya sanduku letu la kufuli tatu. Sihitaji kuwakumbusha sanduku hilo limefanya nini. Linazika wafu wetu. Linalipa hospitali. Wengi wetu tulishuka kwenye meli toka Kigoma na mkeka, sufuria na karatasi ya mgao, tukakuta nyumba zimekuwa pori. Hakuna benki iliyotukopesha, tulikopeshana sisi kwa sisi, na ndugu wengine wa mbali wakatuongezea.

Sasa nianze na pale ambapo mgeni alisema kweli, juu sipendi kumvunjia mtu heshima akiwa hayupo. Joto liko. Kila mtu aliyevuka barabara saa saba ya mchana na kandambili zimekatika anajua. Nilichukua kipimajoto changu cha waya, nikakaa kando ya barabara siku tatu za kiangazi. Gudroni ilifika digrii 57. Kivulini chini ya mwembe ilikuwa 30. Ndani ya shimo la kina cha goti, kando ya barabara, 29. Jua la saa sita likipiga sawasawa linateremsha watti karibu 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba, na gudroni mpya, kwa weusi wake, inameza zaidi ya 900 kati ya hizo. Ni nguvu nyingi, na mgeni hakudanganya hapo.

Lakini kuwa na joto ni jambo moja, kulitoa umeme ni jambo lingine. Hapa naomba mnisikilize polepole, juu hapa ndipo watu wanapotea, hata watu waliosoma.

Mnaijua Ruzizi. Inatoka Ziwa Kivu, lililo kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari, inamwagika hapa kwetu Tanganyika, kwenye mita karibu 770. Inashuka mita karibu 700 katika safari ya kilomita zaidi ya 100. Umeme wa Ruzizi unatoka wapi? Unatoka kule juu, karibu na Bukavu, ambako mto unapita kwenye makorongo na kuanguka. Baraji ya kwanza ilijengwa huko kabla ya uhuru. Ruzizi ya pili, ile tunayogawana na Rwanda na Burundi, ilianza kazi mwaka 1989, na uwezo wake ni megawati karibu 44. Sasa nawauliza: kwa nini hakuna mtu aliyejenga baraji hapa kwetu kwenye tambarare, karibu na mdomo wa mto? Maji hapa ni mengi kuliko kule juu, mito midogo yote imekwisha kuingia. Mvuvi yeyote atawajibu: maji hapa yanatembea, hayaanguki. Maji mengi yasiyoanguka hayazungushi mashini.

Joto nalo ni vile vile. Haligeuki umeme kwa sababu tu ni jingi. Lazima lianguke, yaani lishuke kutoka mahali pa moto kwenda mahali pa baridi, na umeme unatoka katika huo mwanguko. Kama mwanguko ni mkubwa, unapata kitu. Kama ni mdogo, hata ukiwa na joto la mji mzima, unaambulia kidogo sana. Joto la gudroni ni Ruzizi ya kwenye tambarare.

Mtu wa kwanza kuliandika jambo hili vizuri alikuwa Mfaransa kijana, Sadi Carnot, mwaka 1824, alipokuwa anatafuta kujua mashini za mvuke zinaweza kutoa nguvu kiasi gani. Hesabu yake bado inatumika, na haijali chombo chako ni cha aina gani wala kimetoka nchi gani. Tunahesabu joto kuanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, digrii 273 chini ya sifuri. Kwa hesabu hiyo gudroni yenye digrii 60 ni 333, na udongo wa digrii 30 ni 303. Mwanguko ni 30. Gawanya 30 kwa 333, unapata kama asilimia 9. Hiyo ndiyo mpaka. Ukiwa na chombo kisicho na kasoro hata moja, ambacho hakuna duniani, katika kila watti 100 za joto zinazopita ndani yake utatoa 9 za umeme, zingine 91 zinabaki joto. Na vyombo vya kweli havifiki hata karibu na hapo.

Vyombo vyenyewe ni vya namna gani? Si uchawi. Mwaka 1821 Mjerumani mmoja, Thomas Seebeck, aliunganisha madini mawili tofauti, akapasha moto upande mmoja, na sindano ya dira ikageuka. Ulikuwa umeme, ingawa yeye mwenyewe hakuuita hivyo. Miaka 13 baadaye Mfaransa Peltier akaonyesha kinyume chake: pitisha umeme, upande mmoja unapata baridi na mwingine moto. Wale wenye friji ndogo za gari wana kidude hicho ndani, ni kibapa cha sentimita 4 kwa 4, chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

Na kinafanya kazi! Nisije nikasemwa kwamba nimepinga sayansi. Katika miaka ya 1950 Warusi walitengeneza taa ya mafuta yenye vidude vya namna hii juu ya kioo chake. Ulikuwa ukiiwasha usiku, joto la moto linatoa umeme wa kutosha kupiga redio, huko vijijini ambako waya za umeme hazijafika. Mimi nilipenda sana kusoma habari hiyo, juu nilijifunza ufundi kambini kwa kufufua redio zilizokufa, na batri ndizo zilizokuwa zinatumaliza. Vilevile vile vyombo viwili vya Marekani vinavyoitwa Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977 kwenda mbali na jua, vinapata umeme wake kutokana na joto kwa njia hii hii. Lakini angalieni: moto wa taa ni mamia ya digrii, na ule wa Voyager ni karibu 1,000. Hapo joto linaanguka kama maji kwenye korongo la Ruzizi. Na huko mbali angani hakuna mtu anayeuliza bei.

Mimi ni fundi, siamini mpaka nimeshika. Nilikuwa na friji ya gari iliyokufa, nikatoa kidude chake. Nikakipaka mafuta mazito ili kishike joto vizuri, nikakilaza juu ya gudroni ya moto, pembeni kabisa, kijana wangu akiwazuia watu wa pikipiki. Juu yake nikaweka sufuria ndogo ya maji ya ziwa iwe upande wa baridi. Nikapima. Mwanzoni mita ilionyesha karibu volti moja. Nilifurahi, kusema kweli. Nikamwambia kijana, kumbe mgeni ana haki! Baada ya robo saa ikawa chini ya nusu volti. Kwa nini? Maji ya sufuria yalipata moto. Joto limepita kwenye kidude, limeingia kwenye maji, na mwanguko umekwisha. Taa ndogo kabisa ya tochi haikuwaka. Nguvu iliyobaki, kwa hesabu, ilikuwa kama miliwati 20. Simu ya kawaida ikichajiwa inataka watti 5, yaani miliwati 5,000. Ni vidude 250 vya friji, na maji ya baridi ya kubadilisha kila robo saa, kwa simu moja.

Mtaniambia: fundi, wewe ulifanya na sufuria, wakubwa watafanya vizuri zaidi. Sawa. Katika Chuo Kikuu cha Texas, kule San Antonio, Marekani, mahali penye jua kali kuliko letu, watafiti walitengeneza chombo cha kazi hiyo hiyo. Kinachukua joto la juu ya gudroni na kulipeleka kwenye kidude, na upande wa pili unapozwa na udongo wa kando ya barabara. Walieleza matokeo yao mwaka 2017. Kidude chao cha sentimita 6 na kidogo kila upande kilitoa wastani wa miliwati 10 kwa masaa 8. Mimi na sufuria yangu tulikuwa katika mtaa mmoja na wao. Kiasi hicho kina kazi yake: kinaweza kulisha kipimo kidogo kilichofukiwa barabarani, kinachotuma habari ya joto au ya magari, mahali ambapo kubadilisha batri ni taabu. Hakuna aliyesema kinawasha mtaa.

Sasa, ile filamu. Niliitafuta habari yake, na hapa ndipo nilipoelewa mambo yote. Barabara zenye mipira ya maji ziko kweli. Moja ya kwanza iko Uswisi, mahali panaitwa Därligen, kando ya Ziwa Thun, kwenye daraja la barabara kubwa. Waliianza mwaka 1994. Mita za mraba 1,300 za gudroni zina mipira ndani. Kiangazi maji yanapita, yanachukua joto, yanalipeleka ndani ya mwamba, kwenye matundu 91 yenye kina cha mita 65 kila moja. Wakati wa baridi wanalirudisha juu, daraja lisigande barafu, magari yasiteleze. Uholanzi, kwenye kijiji cha Avenhorn, kampuni moja ilifanya hivyo hivyo, na jengo la nyumba 70 likapashwa moto kwa joto la barabara.

Mmesikia neno umeme hapo? Hakuna. Hawatoi umeme. Wanatoa joto, wanalitumia kama joto, kwa sababu wenzetu hao wana majira ambayo maji yanakuwa mawe. Tena wanatumia umeme, wa kuzungusha pampu. Kwao ni faida, juu pampu inakula kidogo na joto wanalolipata ni jingi. Sisi hapa Uvira, ni nani humu anataka kupashwa moto nyumba yake? Anyooshe mkono.

Nimewaona mnacheka. Lakini mgeni alituonyesha filamu ya joto, akatuuzia umeme. Sisemi ni mwizi. Labda naye amedanganywa, labda anaamini. Nilimuuliza swali moja tu siku ile, mnakumbuka: "Upande wa baridi uko wapi?" Akanijibu kwamba hiyo ni teknolojia, nisijali. Mtu anayekuuzia baraji na hajui maji yanaangukia wapi, mwache aende kwanza akatafute.

Kuna mfano mwingine, wa barabara iliyotoa umeme kweli. Ni Ufaransa, Normandie, kijiji cha Tourouvre-au-Perche, Desemba 2016. Kilomita moja ya barabara, nayo inaitwa namba 5 kama yetu, ilifunikwa na paneli za sola ambazo magari yanapita juu yake: mita za mraba 2,800, kwa bei ya euro milioni 5. Ile haikutumia joto, ilitumia mwanga wa jua moja kwa moja, njia iliyo bora zaidi. Hata hivyo, ilipofika 2019 ilijulikana imeshindwa. Vipande viling'oka, majani ya miti yalifunika, magari yalipiga kelele nyingi mno juu yake, umeme ukawa chini sana ya ule ulioahidiwa. Hiyo ni Ufaransa, magari yao yanapimwa uzito. Hapa kwetu, ile Fuso inayotoka bandarini na magunia hadi juu, na abiria juu ya magunia, na kuku wamening'inia pembeni, mnaijua.

Na barabara yenyewe si mali yetu, ni ya Taifa. Nani ametupa ruhusa ya kukata mita 200 za gudroni? Huo mji una gudroni ya kuhesabu kwa vidole. Sehemu kubwa ya njia ya kwenda Baraka ni udongo na mawe, na sisi tutoboe hii kidogo tuliyo nayo?

Tuweke hesabu mbili pamoja, tumalize hapo. Chukua mita moja ya mraba. Katika zile watti 900 zilizomezwa na gudroni, nyingi zinarudi hewani, upepo unazibeba. Tuseme kwa ukarimu 200 zinashuka chini kupitia vidude vyetu. Mpaka wa Carnot ni asilimia 9, yaani 18. Vidude vya kweli kwenye mwanguko mdogo hivi vinapata kama sehemu ya kumi ya hiyo, watti moja, mbili ukiwa na bahati. Paneli ya sola ya kawaida, ile inayouzwa hapa sokoni, kwa mita hiyo hiyo moja na jua hilo hilo inatoa karibu 200. Haitaki upande wa baridi. Haipandwi na Fuso. Ikiharibika unaiona, hauhitaji kuchimba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo linaniuma, na ambalo si la hesabu.

Humu ndani kuna watu wanaovuna joto la gudroni kila siku, na hawakungoja mgeni. Ni bamama. Asubuhi wanatandaza mihogo pembeni ya barabara, jioni imekauka, kesho inaenda mashini. Wanajua kabisa kwamba gudroni inakausha mbio kuliko mkeka juu ya udongo. Wanatumia joto kama joto, sawa na wale wa Uswisi. Lakini mwaka jana mtoto wa mwanachama wetu aliyekuwa analinda mihogo aligongwa na pikipiki. Sitasema jina, mama yake amekaa hapa. Mguu ulivunjika mahali pawili. Ni sanduku hili la kufuli tatu ndilo lililolipa hospitali, na mpaka leo yule mtoto anachechemea. Na unga wenyewe unakuja na vumbi, na mafuta ya magari, na mavi ya mbuzi. Tunaukula.

Kwa hiyo mimi sikuja kusema tu "hapana". Nimeleta kitu. Mmekiona pale mlangoni, watoto wamekwisha kukipanda. Ni sanduku la mbao, refu kama mlango, limeinuliwa kwenye miguu. Chini nimeweka bati, lile manjanja la paa, nimelipaka rangi nyeusi ya moshi na mafuta. Juu ni nailoni nyeupe inayopitisha jua. Mbele, chini, kuna nafasi hewa inaingia. Nyuma, juu, kuna nafasi inatoka. Katikati ni wavu wa kuwekea mihogo au ndagala. Hewa inaingia, inapata moto juu ya bati jeusi, inapanda, inapita katikati ya mihogo na kutoka na maji yake. Nilipima ndani: digrii 55, karibu sawa na gudroni. Ni gudroni isiyo na pikipiki. Mvua ikija ghafla hakuna kukimbia. Ng'ambo, upande wa Burundi, wavuvi walikwisha kuacha kuanika ndagala juu ya mchanga, wakaanza kutumia vichanja vya waya vilivyoinuliwa, na FAO iliwasaidia. Hiki changu kinaongeza bati na nailoni tu. Kitu kibaya chake nikiseme: nailoni inachoka na jua, itabidi kubadilishwa, na kinachukua mihogo kidogo kuliko barabara. Mama mwenye magunia manne atahitaji masanduku mawili au matatu.

Kuhusu umeme, pendekezo langu ni dogo, na komite ilishalisikia. Tusiguse zaidi ya robo ya pesa. Tununue paneli mbili, batri moja nzuri na kile kidude cha kuilinda isimalizwe, tuziweke juu ya manjanja ya nyumba hii ya mkutano. Kazi yake iwe kuchaji simu na batri za taa za wavuvi wetu wa ndagala, ambao sasa hivi wanalipa kwa watu wengine kila jioni. Kinachoingia kiandikwe kwenye daftari. Baada ya miezi sita tutaona kama imerudisha pesa, na kama haikurudisha mtaniita tena hapa mbele.

Kwa wafadhili watakaosoma: msishangae kwamba tunakataa kitu kinachong'aa ambacho kingependeza kwenye picha. Tunajua mngependa kuandika kwamba Uvira ina barabara ya umeme. Tuandikieni masanduku ya mihogo.

Kuna maswali yaliyoandikwa kwenye vikaratasi. Nijibu mawili kabla ya Mama mwenyekiti kunikata.

Kijana mmoja anauliza: si tuna ziwa? Upande wa baridi si uwe maji ya Tanganyika, yachotwe chini kabisa ambako ni baridi? Ni swali la akili sana, nalipongeza. Lakini ziwa letu lina tabia yake. Juu ni digrii 25 au 27, na ukishuka hata mita mamia na mamia, bado ni karibu 23. Halina baridi ya kweli chini. Na kuyapandisha maji hayo mpaka barabarani unahitaji pampu, na pampu itakula umeme kuliko ule utakaotoka. Wale wa Uswisi pampu yao inakula kidogo kwa sababu wanavuna joto lenyewe, hawajaribu kuligeuza.

Mama mwingine anauliza: na usiku je, mbona gudroni bado inachoma miguu hata saa mbili ya usiku? Ni kweli, Mama, mawe na gudroni vinashika joto masaa mengi. Lakini saa hiyo udongo wa chini nao umepata moto wake, na gudroni imekwisha kushuka, wamekaribiana. Mwanguko umebaki mdogo zaidi kuliko mchana.

Kesho saa saba ya mchana nitakuwa pembeni ya barabara, mbele ya mashini ya kusaga, na kipimajoto, kile kidude cha friji na sufuria. Anayetaka kushika mita mwenyewe aje. Aje hasa yule anayesema nimetia chumvi. Na kura ni Jumapili baada ya ibada. Wenye funguo tatu wawe wote hapo, tafadhali, mara ya mwisho tulimngoja mmoja mpaka giza.

Mama mwenyekiti, nakurudishia neno.